Jumapili ya Komunyo Bustanini Mapendo

Mara ya kwanza Papa Kataliko alimwambia Achille kwamba binti yake Joyeuse hayupo nyumbani, ingawa Joyeuse alikuwa amesimama nyuma yake na sahani yenye povu mkononi. Mara ya pili alimtazama yule kijana kuanzia viatu hadi kola ya shati, akafunga lango la chuma, akasukuma komeo. Joyeuse akasikia hatua za Achille zikiondoka polepole juu ya changarawe nyeusi, mpaka zikapotea katika kelele za pikipiki.

Hakulia. Alimaliza kuosha vyombo, akafuta meza, akachukua simu na kuandika: "Jumapili ya komunyo ya Rosine tutaenda kupiga foto kwenye bustani ya Mapendo. Kule si kwa papa. Kule hakuna mutu anaweza kukufungia mulango. Kuya na mama yako."

Jibu lilikawia.

"Na kama atanitukana mbele ya mama yangu?"

"Atakutukana," Joyeuse akaandika. "Kuya tu."

Walikuwa wamependana mwaka wa pili sasa. Joyeuse Kavira alifundisha darasa la tatu la shule ya msingi. Dosye yake, faili lake la kazi, ilipopotea kwenye ofisi ya elimu, karani mmoja mrefu, mwenye sauti ya chini, alipekua makabati yenye vumbi siku tatu mfululizo mpaka akaipata. Huyo ndiye Achille Bagalwa. Alipomkabidhi ile dosye alisema, bila kumtazama usoni, "Mademoiselle, nilikuwa naogopa kuipata. Juu nikishaipata, hautarudi tena hapa."

Joyeuse alirudi. Alirudi mara nyingi, kwa sababu ambazo hata yeye mwenyewe alizicheka.

Kosa la Achille lilikuwa moja tu: alikuwa Mushi, mtoto wa upande wa Bukavu. Na Papa Kataliko, mfanyabiashara Munande kutoka Butembo, alikuwa ameshawapa watu wa Bukavu binti mmoja. Sylvie, dada mkubwa wa Joyeuse, aliolewa kule na mwalimu aitwaye Julien. Miaka tisa iliyopita alijifungua mtoto wa kike katika lopitali ya kule, na siku ya tatu akafariki. Papa alipofika alikuta wameshazika. Alirudi Goma na kichanga, na kwa Julien hakuacha hata salamu. Kichanga hicho ndicho Rosine, ambaye Jumapili hii alikuwa apokee komunyo yake ya kwanza, na ambaye alimwita Kataliko papa na mkewe Henriette mama kwa sababu hakuwahi kuwajua wengine.

Jumapili ikafika. Misa ilipokwisha, familia ilishuka kwa miguu hadi bustanini. Ilikuwa bustani ndogo, katikati ya nyumba za watu, imezungushiwa ukuta mfupi wa mawe ya volkano. Wenyeji wa mtaa walibeba udongo kwa tshukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, wakaumwaga juu ya mwamba, wakapanda majani, maua ya rangi ya waridi na miti michache ambayo bado ilikuwa myembamba. Jumapili palijaa watu: maharusi na wapiga picha, akina mama waliotandika vikwembe, vitenge vyao, chini, watoto kwenye bembea, muuza brosheti za nyama akipepea makaa karibu na mlango.

Rosine alitembea mbele akiwa ameinua gauni lake jeupe kwa vidole viwili lisiguse vumbi. Mama Henriette alibeba sufuria na sahani zilizofungwa kwa kitambaa. Joyeuse alibeba mkeka na chupa za sucré, yaani soda. Papa alitembea mikono mitupu, na alikuwa na furaha kupita kiasi, jambo lililomtia Joyeuse wasiwasi.

"Kavira," papa alisema, "ile kikwembe ya bluu imekupendeza."

"Aksanti, papa. Ni wewe ulisema niivae."

"Ndiyo. Ni mimi."

Joyeuse alielewa sababu walipofika penye kivuli. Pale palikuwa na kijana mnene kidogo, mwenye saa kubwa mkononi na tabasamu la aibu. Alisimama haraka kuwasalimia.

"Huyu ni Gauthier," papa alisema. "Mutoto wa rafiki yangu wa Butembo. Ananunua maharage Kalengera na kuyauza mpaka Bunagana. Nimemwalika tule naye komunyo ya mutoto."

Gauthier alimpa Joyeuse mkono. Mkono wake ulikuwa na jasho. "Nimefurahi kukuona, mademoiselle. Muzee amenielezea mengi juu yako."

"Mimi hajanielezea kitu juu yako," Joyeuse akajibu kwa upole.

Mama Henriette alichukua mkeka, akautandika, kisha akainama kuutandika tena.

Mpiga picha akaitwa. Alimsimamisha Rosine mbele ya maua, akamwambia ainue mshumaa, asicheke, kisha acheke. Baadaye akawapanga wote. Papa akamshika Gauthier bega na kumsogeza karibu na Joyeuse.

"Sogeeni. Kavira, sogea."

"Hapa ninaenea, papa."

"Sogea, ninasema."

Joyeuse hakusogea. Na hapo, juu ya kichwa cha mpiga picha, akamwona Achille akiingia.

Alikuwa amevaa koti jeusi lililombana mabegani. Alimshika mkono mama mfupi, mwenye uso mtulivu, aliyejifunga kikwembe cha kijani na kubeba kikapu kidogo. Achille aliangaza huku na huku katikati ya watu, na macho yake yalipompata Joyeuse yakasimama hapo. Joyeuse alitaka kumkimbilia. Alitaka pia kumwambia arudi, amwondoe mama yake haraka kabla ya aibu. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alimtazama tu, na Achille akamwelewa, akaendelea kuja.

Mpiga picha akabonyeza.

"Papa Kataliko," Achille alisema alipofika, "tunakusalimia. Mama Henriette, tunakusalimia. Hongera kwa komunyo ya mutoto. Huyu ni mama yangu, Mama Cibalonza."

Uso wa papa ukabadilika. "Nani amekuita hapa?"

"Ni mimi, papa," Joyeuse akasema.

"Sijakuuliza wewe."

"Lakini ni mimi nilimwita."

Mama Cibalonza akapiga goti kidogo, akaweka kikapu chini. "Muzee, nimemuletea mutoto jibini na mayai. Hatukuja kwa ubaya."

Hata Papa Kataliko, pamoja na hasira zake zote, hakuweza kumtukana mama wa watu aliyepiga goti. Akamgeukia Rosine. "Enda kwenye bembea. Enda, tutakuita."

Rosine aliwatazama mmoja mmoja, akainua gauni lake, akaenda.

"Sasa wewe kijana," papa alisema kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Nilikufungia mulango mara mbili. Haukuelewa?"

"Nilielewa, papa. Ndiyo maana sikurudi kwako. Nimekuja mahali pa watu wote, mchana, na muzazi wangu. Ninamupenda Joyeuse. Ninataka nimuoe kwa njia inayojulikana, wajomba zangu wakae mbele yako, niipate baraka yako. Ukinikataa, nitakataliwa mbele ya mama yangu. Lakini sitamuiba mutoto wako, na sitajificha."

"Baraka yangu!" Papa alicheka bila furaha. "Niliwapa watu wa kwenu Sylvie wangu. Unajua walimufanya nini? Alilala lopitali juma nzima. Juma nzima! Miguu imevimba, kichwa kinauma, na hakuna mutu mumoja wa ile familia alinijulisha. Mimi nilikuwa Bunagana nimekaa na mizigo ya chumvi, ninacheka na watu, na mutoto wangu anakufa. Walikuja kuniambia amekufa. Hawakuniambia anaumwa." Akamwonyesha Achille kidole. "Watu wanaoficha ugonjwa wa mutoto wa mutu. Na wewe unataka nikupe mwingine."

Achille aliinamisha kichwa.

Lakini Joyeuse alipiga hatua akasimama kando yake.

"Papa, Sylvie alikuwa dada yangu. Ni yeye alinifundisha kusuka nywele na kusoma. Nimemulilia miaka tisa. Lakini Achille hakumuua. Wakati ule alikuwa mwanafunzi, hakuwa anatujua. Nina miaka ishirini na saba. Ninakuheshimu, ninakupenda, na sitaondoka kwako bila ruhusa yako. Lakini sitaolewa na mwingine. Gauthier, unisamehe, wewe hauna kosa. Papa, ukikataa mwaka huu, nitakuuliza tena mwakani. Ukikataa mwakani, nitauliza tena. Nitazeeka nikikuuliza."

"Utazeeka basi."

"Nitazeeka."

Baba na binti wakatazamana, na kila mmoja akaona katika uso wa mwenzake paji lile lile, ukaidi ule ule. Watu wa mkeka wa jirani walikuwa wameacha kula.

Ndipo Mama Henriette aliposogea mbele. Katika nyumba ile, Mama Henriette alikuwa mtu wa kusema "ndiyo" na "chakula tayari". Sasa alisimama kati ya mume na binti.

"Papa Sylvie," alisema. "Walitujulisha."

"Nini?"

"Walitujulisha. Julien alinipigia telefone siku ya kwanza. Akanipa Sylvie tuongee. Nilitaka nikutafute kule Bunagana. Sylvie akakataa. Akasema, 'Mama, usimwambie papa. Ataacha mizigo barabarani, atakuja mbiombio na moyo wake ule. Nitamupigia mwenyewe mutoto akizaliwa, ndiyo afurahi.' Nikamwitikia. Kila siku nilipiga, kila siku akasema ngoja. Halafu..." Alifunika mdomo kwa ncha ya kikwembe, kisha akaushusha. "Halafu nikaogopa. Ulirudi ukiwalaani wale watu, na mimi nikaogopa kukuambia ni mimi. Nimekuacha uwalaani miaka tisa. Kila Jumapili ninapokea komunyo na ile kitu iko hapa kifuani. Leo nimemuona Rosine anapokea yake, nikasema, mimi huyu ninamufundisha nini mutoto?"

Kule kwenye bembea Rosine alikuwa anacheka na watoto wengine, gauni lake jeupe likipanda na kushuka.

Papa Kataliko alimtazama mkewe kama mtu aliyesimamishwa njiani na mgeni. Kisha akageuka, akatembea peke yake hadi mwisho wa bustani, akaketi juu ya ukuta wa mawe, mgongo wake umewageukia wote.

Mama Henriette akaanza kulia kimya. Mama Cibalonza, ambaye hakuwahi kumwona kabla ya siku hiyo, akaketi karibu naye mkekani na kumshika mkono.

Gauthier alikohoa. "Mademoiselle Joyeuse," alisema, "mimi nilikuja kutafuta bibi wa kuoa. Sikuja kutafuta mufungwa." Akajaribu kutabasamu. "Nitamuelezea muzee mimi mwenyewe. Nitamwambia ni mimi nimeona haitafaa. Itakuwa nyepesi kwake."

"Aksanti, Gauthier. Lakini usimudanganye. Leo uongo umetosha."

Gauthier akaitikia kwa kichwa, akampa Achille mkono, na akaenda kumnunulia Rosine brosheti, kwani hakujua aondokeje.

Sasa Joyeuse na Achille walikuwa wamesimama wawili tu, hatua moja kati yao. Tangu waanze kupendana, hawakuwahi kusimama hivi mbele ya wazazi. Joyeuse aliona uzi uliotoka kwenye mkono wa koti la Achille, akatamani kuukata kwa meno kama wanavyofanya wake za watu.

"Koti ni la nani?" alinong'ona.

"La mujomba. Inaonekana?"

"Sana."

Achille alicheka kidogo, kisha uso wake ukawa mzito. "Joyeuse, nimeharibu familia yenu."

"Hapana. Ilikuwa imeharibika, tulikuwa tunaifunika." Akamtazama. "Unataka kurudi nyumbani?"

"Mama yangu hajamaliza kumushika mama yako mukono. Na mimi sijajibiwa."

Joyeuse alitamani kumgusa shavu. Badala yake alivua viatu vyake vya misa, akavishika mkononi, akapita juu ya majani hadi kwa baba yake.

Papa hakugeuka. "Mama yako analia?"

"Analia."

"Miaka tisa," papa alisema. "Julien aliniandikia. Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya mutoto. Nilikuwa ninachoma zile barua bila kuzifungua."

"Nilijua, papa. Nilikuwa naona majivu."

"Na haukusema."

"Ningesema nini? Kwetu hatusemi."

Papa alijipangusa uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayejiosha. Kwa mara ya kwanza Joyeuse aliona jinsi shingo yake ilivyokonda.

"Sylvie alikuwa mukaidi," alisema. "Alisema usimwambie papa, na mama yako akatii. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

"Ningekupigia."

"Hata kama amekukataza?"

"Hata kama amenikataza. Na siku nikiumwa kwa Achille, papa, atakupigia kabla hajamwita muganga. Hilo ninakuapia. Mimi siwezi kukaa na mutu wa kuficha."

Harusi moja ilipita, bibi harusi akishikiliwa shela na dada zake, wote wakicheka. Mwishowe papa akasema, "Mama yako iko na numero ya Julien?"

"Iko nayo."

"Enda uniletee telefone yake."

Alimletea. Papa alishindwa kubonyeza, vidole vilikuwa vizito, Joyeuse akabonyeza kwa niaba yake. Alitaka kuondoka amwachie nafasi, lakini papa akamshika kikwembe.

"Allô? Julien? Iko mimi. Kataliko." Akaibana simu sikioni. "Ndiyo, ni mimi. Hapana, mutoto ni muzima. Amepokea komunyo leo. Sikiliza, Julien. Nilikukosea. Nimejua leo. Nilikukosea sana, mutoto wangu." Machozi yakamshuka, na hakuyafuta. "Ngoja. Ngoja nimwite uongee naye. Rosine! Rosine, kuya hapa! Kuya uongee na papa yako."

Rosine alikuja mbio, brosheti mkononi, gauni sasa limepata doa la mafuta kifuani. Akachukua simu kwa mikono miwili, akamwangalia babu yake kwa mshangao, akasema kwa sauti ya darasani, "Bonjour, papa. Ninaitwa Rosine."

Papa Kataliko alimwacha na simu, akarudi mkekani. Wote wakainuka. Alimpita Achille kama hamwoni, akasimama mbele ya Mama Cibalonza.

"Mama," alisema, "unisamehe. Ulifika mbele yangu na kikapu, sikukukaribisha kukaa."

"Nimekaa mimi mwenyewe, muzee. Hakuna neno."

"Kaa tena. Mutakula na sisi."

Ndipo alipomgeukia Achille. Alimtazama tena kuanzia viatu hadi kola, bila haraka.

"Sijakubali."

"Nimesikia, papa."

"Usifikiri kwa sababu nimelia nimekubali."

"Hapana, papa."

"Kaa ukule."

Wakaketi. Joyeuse hakwenda upande wa mama yake. Alizunguka mkeka wote, akaketi kando ya Achille, mahali ambapo kila mtu angemwona, akaanza kugawa. Alimpakulia Mama Cibalonza kwanza, kisha Gauthier, ambaye alikuwa amerudi na hakujua akae wapi, kisha akaweka bugali, sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa sambaza wa kukaanga katika sahani moja na kumpa Achille kwa mikono yake miwili. Achille aliipokea kwa miwili yake. Vidole vyao viligusana chini ya sahani na hakuna aliyeviondoa upesi. Papa aliona. Joyeuse alijua ameona, akainua macho akamtazama, wala hakuyashusha.

Mama Henriette peke yake hakula. Alikaa pembeni ya mkeka, macho yake mekundu, sahani ikipoa magotini. Tangu mume wake arudi mkekani, hakuwa amemtazama wala kumtaja.

Papa alimega bugali, akachovya, akatafuna polepole. Alimeza, akanywa maji.

"Wewe kijana. Wajomba zako ni wangapi?"

"Wane, papa."

"Wanakaa wapi?"

"Wawili Bukavu, wawili hapa Goma. Naweza kuwaita wote."

"Wote wanakula vizuri?"

Achille akababaika. "Wanakula, papa. Mmoja wao anakula sana. Ndiye mwenye hili koti."

Mama Cibalonza akacheka, kisha Gauthier, na hata papa akalazimika kuutazama ukuta ili asicheke. Alipotulia aliweka tonge chini, akamgeukia mkewe, akamtazama kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuuinua.

"Mama Sylvie," alisema. "Jumapili inayokuja. Chakula cha wajomba wane wa huyu kijana, na mama yake huyu, na Julien kama atapata bato ya kuvuka ziwa. Utaweza?"

Joyeuse akanyoosha mkono kumshika mama yake goti, lakini mama alikuwa ameshaishika sahani yake vizuri na kumega tonge la kwanza.

"Nitaweza, papa Sylvie," alisema. "Hata wakiwa kumi."